Mvua Inaponyesha Ndani ya Gari

Mwezi huu tunatoka kidogo jikoni, twende pale nje lilipoegeshwa gari la familia. Wapo akina mama watakaosema kwamba mambo ya gari ni ya baba. Lakini ni nani anayewapeleka watoto shuleni asubuhi? Ni nani anayekwama kando ya barabara gari linapogoma, mvua inanyesha na mtoto analia? Basi habari hii ni yetu pia.

Kwetu nyumbani, Dar es Salaam, tulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa wakati wa masika. Tuliegesha gari Ijumaa jioni bila tatizo lolote. Jumapili kanisani tulikwenda kwa miguu, kwa kuwa si mbali. Usiku ule mtoto wetu wa pili akapandwa na homa kali. Tukamfunga khanga, tukakimbilia gari, ufunguo ukazungushwa: likasikika "tik" moja, kisha kimya. Ilibidi jirani aamshwe, naye akatupeleka hospitali kwa gari lake. Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini tuliporudi alfajiri lawama ilituangukia sisi akina mama.

"Mama, umeacha taa ya ndani inawaka tena," alisema baba watoto.

"Baba, taa tulizima."

Hakuamini, na kwa siku mbili maneno yalikuwa machache mezani.

Betri mpya ikanunuliwa. Baada ya wiki mbili nayo ikalala. Fundi wa kwanza akabadilisha altaneta, na fedha ya ada ya shule ikamegwa. Halafu vioo vya milango vikaanza kushuka kwa kusitasita, na usiku mmoja honi ikalia yenyewe hata majirani wakatoka nje. Aliyefumbua fumbo ni binti yetu mdogo. Alivua viatu ndani ya gari, akasema, "Mama, soksi zangu zimelowa." Tukatia mkono chini ya zulia, upande wa abiria wa mbele. Sponji iliyo chini ya zulia ilikuwa imejaa maji.

Tukampelekea fundi mwingine, mzee wa makamo. Kabla ya kufungua kitu chochote aliuliza, "Mama, gari mnaliegesha wapi?"

"Chini ya mwembe, fundi. Jua ni kali."

Akacheka, akafungua boneti, akachota kwa mkono majani yaliyooza chini ya kioo cha mbele. Pale chini ya waipa pana mfereji unaopokea maji ya mvua kutoka kwenye kioo, na pembeni pana vitundu vya kuyatoa. Vitundu vikizibwa na majani, maji hupanda kama karo lililoziba, yakaingia katika njia ya hewa ya feni na kumwagikia ndani. Katika gari letu, hapo karibu na mguu wa abiria ndipo palipo na sanduku la fyuzi na soketi za waya za vioo, honi na vitasa.

Kisha akatuonyesha yule mwizi wa betri. Alifungua waya wa upande hasi wa betri, akaunganisha mita ya umeme kati ya waya huo na betri, akafunga milango na kungoja nusu saa, maana kompyuta za gari huchukua muda kabla ya kulala. Gari lililolala kwa kawaida hula amperi 0.05 au pungufu. Letu lilikuwa likila 0.8. Betri yetu ni ya amperi-saa 45. Gawanya 45 kwa 0.8, utapata saa 56 hivi, na betri imekwisha. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumapili saa 4 usiku ni saa 52. Fundi akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Alipochomoa ya vitasa vya milango, mita ikashuka hadi 0.03. Soketi ya vitasa ilikuwa imeota ukungu wa kijani kwa unyevu, na umeme ulikuwa ukivuja hapo usiku na mchana.

Baba watoto aliitazama ile mita, akatutazama, akasema, "Mama, nisamehe." Neno hilo lilikuwa na thamani kuliko betri mpya.

Dalili za kuangalia

Hitilafu ya umeme iletwayo na maji ina tabia yake. Huja na mvua au baada ya gari kuoshwa, na hupungua jua likiwaka siku mbili tatu. Ndiyo maana gari likifika kwa fundi siku ya jua, huambiwa ni zima. Andika katika daftari: siku gani liligoma, mvua ilinyesha lini, kitu gani kilikataa. Daftari hilo litamsaidia fundi kuliko maneno mengi.

Dalili nyingine ni vioo kufunikwa na mvuke kwa ndani kila asubuhi, harufu ya uvundo, taa za dashibodi kuwaka ovyo, na taa za nyuma kuchanganyikiwa. Ukikanyaga breki na indiketa nayo ikawaka kidogo, mara nyingi ni kutu mahali waya unapofungwa kwenye bodi ya gari.

Maji yanaingilia wapi?

Hapa methali ya mwiba haisaidii, kwani maji hayatokei yalipoingilia. Yanaweza kuingia juu ya kioo cha mbele, yakafuata waya kama njia, yakatokea miguuni. Kwanza yachunguze maji yenyewe.

1. Maji safi, yasiyo na harufu, hata siku isiyo na mvua: huenda ni ya kiyoyozi. Katika joto la pwani ni kawaida kiyoyozi kudondosha maji chini ya gari. Kama umesafiri muda mrefu nacho kikiwaka, chini hapadondoki kitu na zulia limelowa, basi bomba lake dogo la kutolea maji limeziba.

2. Maji ya rangi, yanayonata kidogo na kunukia utamu: hayo ni ya rejeta, yanavuja katika kile chombo cha kupashia joto kilicho nyuma ya dashibodi. Usiendelee kuliendesha gari, kwa maana injini inaweza kuchemka. Maji hayo ni sumu, usiwaache watoto wayaguse.

3. Maji ya mvua miguuni mbele: tazama mfereji ulio chini ya waipa, mpira wa kioo cha mbele, na mipira inayoziba matundu ya waya kutoka kwenye injini. Kama gari lina dirisha la paa, mabomba yake ya pembeni nayo huziba.

4. Maji karibu na mlango: ni kawaida maji kuingia ndani ya mlango kupitia ufa wa kioo. Hutoka kwa vitundu vya chini, na karatasi ya plastiki huyazuia yasije upande wetu. Mara nyingi aliyefunga spika au kutengeneza kioo huichana plastiki hiyo na kuiacha hivyo.

5. Maji katika buti, pale panapolala tairi la akiba: angalia mipira ya taa za nyuma na mpira wa mlango wa buti.

Ili kulipata tundu, kausha kwanza, kisha nyunyiza poda ya mtoto au bandika karatasi za chooni mahali unapopashuku. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine amwagie maji kwa mpira wa bustani, taratibu, akianzia chini na kupanda juu, dakika tano mpaka kumi kila mahali. Ukianzia juu, maji yatateremka kila upande nawe hutajua tundu ni lipi. Poda ikichorwa mstari, ufuate kwenda juu.

Kukausha na kusafisha

Ziba tundu kwanza, ndipo ukaushe, la sivyo unateka maji kwa pakacha. Zulia litolewe kabisa na sponji yake, likaanikwe juani mpaka sponji ikauke ndani. Kulipangusa kwa juu hakutoshi, kwa sababu sponji hushika maji kwa wiki nyingi. Kabla ya kugusa soketi, waya hasi wa betri ufunguliwe. Ukungu wa kijani huondolewa kwa dawa maalumu ya kupuliza ya kusafishia soketi za umeme na mswaki mkavu. Pini iliyoliwa mpaka ikawa nyembamba haisafishwi, hubadilishwa.

Sasa tunaomba haya yaepukwe kabisa:

Usikubali fyuzi iliyokatika iwekewe kubwa zaidi, au waya, au karatasi ya sigara. Fyuzi nyekundu ni amperi 10, ya bluu 15, ya njano 20 na ya kijani 30. Ukiweka ya kijani mahali pa nyekundu, haitakatika tena, lakini waya utakuwa unaungua polepole chini ya zulia wanapokaa watoto.

Usikubali soketi isafishwe kwa petroli, na usikaushe gari kwa jiko la mkaa.

Soketi za njano ni za mifuko ya hewa inayofumka wakati wa ajali, na waya nene za rangi ya chungwa katika magari yanayotumia petroli na umeme zina nguvu ya kuua. Hizo ni za fundi aliyesomea.

Gari likizamishwa na mafuriko, usijaribu kuliwasha. Injini ikivuta maji inaweza kuvunjika ndani. Fungua betri, livutwe hadi kwa fundi. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, kwa kuwa chumvi hula shaba upesi.

Kabla ya kununua

Wengi wetu tunanunua magari yaliyokwisha tumika. Mafuriko hutokea kwetu, kama yale ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 na ya Nairobi ya Aprili 2024, na hutokea Japani pia, kama yale yaliyoletwa na kimbunga cha Oktoba 2019. Gari lililozama linaweza kuoshwa, likapakwa manukato na kuuzwa. Kwa hiyo vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, utazame kama una mstari wa tope. Angalia kutu kwenye boliti za viti, inua zulia la buti, unuse. Gari lenye manukato makali kupita kiasi nalo litiliwe shaka.

Nasi nyumbani sasa kila Jumamosi kijana wetu mkubwa huokota majani chini ya waipa kabla ya kuosha gari. Ni kazi ya dakika tano. Kivuli cha mwembe tunaendelea kukitumia, ila tunakilipia kwa kufagia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Kwetu ukuta ule ulikuwa betri moja, altaneta moja, na siku mbili za kununiana bila sababu.

Mama mpenzi, ukimaliza kusoma ukurasa huu, nenda kwenye gari lenu, uvue kiatu, uweke mguu kwenye zulia. Likiwa kavu, vizuri. Likiwa limelowa, mwite baba watoto mtazame pamoja, kabla hamjaanza kuulizana ni nani aliyeacha taa.