AFYA NA AMANA: Kwa Nini Damu Yao Haikupokelewa



Miongoni mwa majirani zetu wa hapa Al Warqa wamo waliopita Uingereza kabla ya kuhamia Ghuba. Wengine walizaliwa huko, wengine walisoma au walifanya kazi huko katika miaka ya 1980 na 1990. Baadhi yao wametueleza kwamba walipokwenda kuchangia damu waliulizwa walikaa Uingereza miaka gani, kisha wakaambiwa damu yao haipokelewi. Wamehuzunika, na wapo waliodhani wamedharauliwa. Tumeona ni wajibu wetu mwezi huu kueleza asili ya jambo hili.

Mwaka 1986 yalitambuliwa Uingereza maradhi ya kichaa cha ng'ombe, yaliyoenezwa kwa kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenziwao. Mwezi Machi 1996 serikali ya huko ikatangaza kwamba binadamu nao wamepatwa na maradhi ya namna hiyo, ambayo huharibu ubongo na hayana dawa. Walioyapata Uingereza ni watu 178. Wala Ghuba haikuwa mbali na msiba huu: mwaka 2006 alitambuliwa Marekani mgonjwa aliyezaliwa na kukulia Saudi Arabia.

Kinacholeta maradhi haya si kijidudu. Ni protini ya mwili iliyopinda umbo lake, iitwayo prioni, ambayo huzipinda na protini nzima zilizo karibu nayo. Moto wa jikoni hauiondoi, na kuchinja kwa sharia hakuiondoi pia. Uhalali wa nyama ni sharti moja na usalama wake ni sharti jingine, na Muislamu ametakiwa kuyatazama yote mawili.

Swali zito lilikuwa hili: ni wangapi wanaoibeba prioni na wala hawaumwi? Hakikuwapo kipimo cha damu cha kuwapima watu wote. Wataalamu wakageukia akiba za hospitali, ambamo vidole tumbo vilivyokatwa kwa wagonjwa huhifadhiwa kwa fomalini na kuzamishwa katika nta. Hukatwa kipande chembamba sana, kikapitishwa katika asidi kali na joto, kisha kikatiwa kingamwili inayoinasa protini hiyo. Penye prioni huonekana rangi chini ya hadubini. Kazi hii yataka hadhari, kwa kuwa fomalini huhifadhi nyama lakini haiui prioni.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionesha kwamba katika vidole tumbo 32,441, vilivyokuwa na alama hiyo ni 16, yaani takriban mtu 1 katika kila 2,000. Baadaye vikapimwa vingine 29,516, vya watu waliopasuliwa kabla ya 1980 na vya waliozaliwa tangu 1996, ambao walidhaniwa wamesalimika. Humo navyo vikapatikana 7. Kwa hiyo wataalamu bado wanajadiliana kama alama zote hizo zimetokana na ng'ombe.

Hofu ya damu haikuwa dhana tupu. Watu 4 wa Uingereza waliambukizwa kwa kuongezewa damu ya watu ambao baadaye waliugua. Watatu kati yao waliugua. Wa nne alifariki kwa sababu nyingine, na prioni ikaonekana katika wengu wake alipochunguzwa. Ndiyo maana nchi nyingi ziliifunga milango yao kwa waliokaa huko kati ya 1980 na 1996. Anayeulizwa miaka yake hatuhumiwi kwa lolote. Analindwa mgonjwa asiyeweza kujilinda.

Vidole tumbo hivyo vilipimwa baada ya kuondolewa majina, hivyo hakuna awezaye kuambiwa kwamba yeye ni mmoja wa wale 16. Wengine wataona huo ni ukatili. Sisi twaona kumpa mtu habari isiyo na tiba wala uhakika kungemwongezea mashaka tu. Lakini kiungo cha mwili ni amana hata kikiisha kukatwa. Basi hospitali ikikupeni karatasi ya kuridhia kuhifadhiwa kilichotolewa mwilini, msitie sahihi kwa haraka. Ulizeni kitawekwa wapi, kitapimwa nini, na kama jina litabaki. Mwenye shaka ya kisharia na awaulize wanavyuoni kabla ya kutia sahihi.

Mwisho, masharti hubadilika. Mwaka 2022 Marekani na Australia ziliondoa katazo hili. Kwa hiyo aliyekataliwa zamani asikate tamaa. Na aulize tena kituoni, aseme kweli kuhusu miaka yake, na aridhike na jibu atakalopewa. Atakayekubaliwa atapata thawabu ya damu yake, na atakayekataliwa atapata ya ukweli wake, inshallah.

Wabillahi tawfiq.