MTUNZA NYARAKA NAYE NI MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi,

Katika mikutano yetu hatumtaji mtu wa maktaba wala mtunza nyaraka. Tunamwona ni mtu wa kivulini, kazi yake kufuta vumbi. Lakini siku mwajiri anapokana kwamba ulimfanyia kazi miaka kumi, au mwenye nguvu anapodai kiwanja chako, ushahidi ni karatasi iliyotunzwa. Na aliyeishika karatasi hiyo ni mfanyakazi kama wewe, mwenye mkubwa juu yake na watoto nyumbani.

Mfanyakazi huyu huvutwa pande mbili. Kanuni za kazi zinamwambia: usitoe jalada bila kibali, usimtaje aliyesoma. Dhamiri yake nayo inasema. Afuate lipi?

Wapo wanaosema afuate amri, basi. Hao waikumbuke maktaba ya McMillan, Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1931, na mpaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mlango ule haukujifunga wenyewe. Palikuwa na mtumishi wa kumrudisha Mwafrika, naye alikuwa akifuata kanuni.

Wapo wanaosema afuate moyo wake. Hatari ipo huko pia, maana moyo una shemeji, una kabila, una chuki. Tazameni mambo ya Nzara. Mwaka 1955 wafanyakazi wapatao 300 wa pamba waliachishwa kazi. Mwezi Julai watu wakaandamana, wakapigwa risasi, wengine wakafa. Siku hizo ilizunguka telegramu iliyodaiwa kutoka kwa waziri mkuu, ikiamuru watu wa Kusini waonewe. Tume ya uchunguzi ilisema ni ya kughushi. Mtunzaji wa Kusini mwenye uchungu angetamani kuichoma telegramu ile. Mtunzaji wa upande wa serikali angetamani kuchoma habari za risasi. Kila mmoja angefuata moyo wake, na sisi tusingejua wazee wetu wa kiwandani walikufaje. Hata karatasi ya uongo hutunzwa, ili uongo wenyewe ujulikane.

Hapa Juba tunajua thamani ya kazi hii. Mkataba wa amani wa 2005 ulisema mpaka wa Kaskazini na Kusini ni ule wa tarehe 1 Januari 1956, na mpaka wa zamani huonekana katika karatasi za zamani. Hata hivyo karatasi nyingi za serikali zilikaa katika hema. Watumishi wetu, wakisaidiwa na Rift Valley Institute, walizisafisha, wakazipanga kwenye maboksi na kuzipiga picha.

Sasa fikirini. Mwaka 2024 watumishi wengi wa serikali walikaa miezi bila mshahara. Mnyang'anyi wa viwanja akimjia mtu kama huyo na bahasha, akitaka faili moja lipotee, tutamwambia akatae? Ndiyo, akatae. Lakini tukimwambia hivyo bila kudai mshahara wake, tunamdanganya.

Maoni yangu ni haya. Kila kanuni iulizwe: inamlinda nani? Kanuni ya kutotaja jina la msomaji inamlinda mnyonge. Ishikwe, hata mkubwa akikasirika. Kanuni ya kutotoa jalada nje ya ofisi inatulinda sote. Ishikwe, hata anayeomba akiwa ni mjomba. Lakini amri ya kuficha jalada ili haki ya watu ipotee inamlinda mnyonyaji. Nchi hii ina Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2013. Mtumishi hapaswi kuwa ngao ya anayeikanyaga.

Wala asishindane kwa siri. Aombe amri kwa maandishi. Akinyimwa, aandike tarehe na jina la aliyeamuru, kisha alete jambo hilo kwenye tawi la chama. Akisimama peke yake atafukuzwa kabla ya jioni. Tawi zima halifukuziki kwa urahisi namna hiyo. Siku atakapokuja, tusimwambie kwamba hayo ni mambo ya watu wa vitabu. Anatunza ushahidi wa jasho letu, na chama kina wajibu wa kumtunza yeye.

Umoja ni nguvu!