Tusiulize kwanza: "Unauzisha ngapi?"

Siku ya Mungu, kisha misa, nilikuwa ninakaa inje mbele ya nyumba, kipande cha ngozi katikati ya magoti, sindano mbili mukononi. Mwenzangu mumoja wa kazi alipita, akasimama, akaangalia. Akaniuliza: "Yaya, hii mukaba unauzisha ngapi?" Nikamujibu: "Siuzishi, ndugu. Ninajifunza tu." Akacheka sana. "Kujifunza juu ya nini, kama hauuzishi? Unachokesha macho bure." Akaenda zake. Kisha saa moja mama jirani akapita, naye akauliza neno lile lile.

Toka ile siku ninafikiri juu ya ile ulizo. Haina ubaya, na wanaoiuliza ni watu wazuri. Lakini mi ninaona inakuja mbio sana, na inatuibia kitu sisi watu wa mugodi. Hii njo neno ninataka kusema leo.

Ninajua fasi inatoka. Bei ya bunga inapanda, masomo ya watoto inaomba falanga, mushahara haufiki mwisho wa mwezi. Mutu mwenye kukaa saa mbili pasipo kuingiza kitu, tunamuona sawa mutu wa muchezo. Sikatai. Ila musikilize kwanza namna mi mwenyewe nilianguka mu ile shimo.

Nilianza kushika ngozi mwaka jana, wakati wa baridi, mwezi wa sita. Mwezi wa nane nilikuwa nimekwisha kuuzisha mukaba wa kwanza kwa rafiki wa kazi. Nikajivuna. Majuma matatu tu, akanirudishia: mukaba umevutika sawa lastiki, tundu zimepanuka. Nilirudisha falanga zake, na haya juu. Kosa lilikuwa langu. Nilikata mukaba upande wa tumbo la ngombe. Ngozi ya tumbo iko laini na inavutika. Mukaba unaomba ngozi ya mugongo, inayokatwa kwa urefu kufuata uti wa mugongo, kwa sababu pale ngozi imebanana na ina nguvu. Mwenye kuanza hajui ile. Anafikiri ngozi ni ngozi. Singekimbilia kuuzisha, ile mukaba ungeharibikia ku kiuno changu mwenyewe, nami ningejifunza pasipo kuchokoza rafiki.

Tena kuko neno lingine. Fundi wa viatu pale njiani, mwenye kukaa chini ya muti na sanduku yake, anakula na ile sindano. Mi ninakula na mushahara. Nikikuja na kazi yangu mbaya na bei ya chini, ninamuharibishia soko, na watu watasema kazi ya mukono haina maana. Afazali nimulipe kidogo anionyeshe namna ya kunoa kisu. Nilifanya vile, na ile saa moja ilinipa faida kuliko miezi miwili ya kujisumbua peke yangu.

Kwa hiyo ninasema: mwenye kuanza anahitaji ruhusa ya kuharibisha. Kazi zangu za kwanza ninaziweka ndani ya kartoni moja, sijatupa hata moja. Kuko kifuko cha funguo ambacho funguo haziingii, juu nilisahau kwamba mushono unakula nafasi na ngozi yenyewe ina unene. Kuko ala ya kisu iliyoshonwa pasipo kuweka kipande cha ngozi katikati, basi kisu kilikata uzi siku ya kwanza. Ninapofungua ile kartoni ninaona njia niliyopita. Mutu anayewaza bei tangu asubuhi anaficha makosa yake, na makosa njo mwalimu.

Na kuko mambo ya kujifunza kweli. Sisi watu wa madini tutafurahi kujua hii: sehemu kubwa ya ngozi ya dunia leo inatengenezwa na madini, ni kromu. Ile tekniki ilienea kisha mwaka 1884, wakati Augustus Schultz alipopata patenti yake kule Marekani. Ingine inatengenezwa na maganda ya miti, ni njia ya zamani sana. Kuzitambua si ngumu. Kata kidogo, angalia pembeni. Ngozi ya kromu mara nyingi ndani iko rangi ya majivu ao bulu kidogo. Ukiilowesha na kuikunja, inarudi vile ilikuwa. Ngozi ya maganda mara nyingi iko kahawia mpaka ndani. Ukiilowesha inakubali sura unayoipa, na pembe zake ukizisugua na maji kidogo na kitambaa zinang'aa. Mi nilisugua pembe za ngozi ya kromu siku mbili nikifikiri mukono wangu ni zaifu. Haikuwa mukono, ilikuwa ngozi.

Kushona, kule, njo kulinifundisha kuheshimu bibi yangu. Wazee watakumbuka foye sosiali za kambi za Union Minière, fasi wamama walifundishwa kushona. Mama mukwe wangu alifundishwa vile, naye akafundisha binti yake. Siku moja bibi yangu aliniangalia kwa muda mrefu, akasema: "Baba ya batoto, unavuta uzi sawa mutu mwenye kuvuta mbuzi ku soko. Vuta na mikono yote mbili, nguvu moja." Tangu ile siku mushono wangu ukanyooka.

Mushono wenyewe uko hivi. Unachora musitari karibu milimetri 4 toka pembeni. Unatoboa tundu zote mbele ya kushona, zikiachana sawasawa. Unachukua uzi mumoja, urefu wake karibu mara ine ya fasi ya kushona, unaupitisha ku nta ya nyuki, ile tunaweza kuomba kwa wauzishaji wa asali. Unaweka sindano ku kila mwisho, sindano zisizo kali. Mu kila tundu sindano zote mbili zinapita, moja toka kuume, moja toka kushoto. Mushono mumoja ukikatika, upande mwingine unashika. Mashini haifanyi vile: nyuzi zake mbili zinafungana tu katikati, na moja ikikatika mushono unaweza kufunguka kidogo kidogo. Ni neno dogo, lakini linafurahisha kujua kwamba mikono inaweza kupita mashini fasi moja.

Sasa, faida gani? Ku mugodi kila mutu anajua kipande chake tu. Mwenye kupasua anapasua, mwenye kuendesha kamiyo anaendesha. Mi miaka 12 ninaona mawe yanapanda, sijashika hata siku moja waya uliotoka mu jiwe nililolitoa. Shaba inakuwa mabamba, inapanda kamiyo, inapita Kasumbalesa, basi. Lakini kile kifuko cha kisu, hata kibaya, nilikichora mi mwenyewe, nilikikata, nilikishona, na ninakiona ku kiuno kila siku. Mwanzo wake ninaujua, mwisho wake ninaujua. Kisha juma la kazi ya usiku, ile inanipumzisha kichwa kuliko chupa.

Kuko sababu moja ingine, na hii njo ninabeba mu moyo. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi mu ule mupango wa "départs volontaires". Wengi kati yetu ni watoto na wajukuu wao. Mambo ya falanga yalikuwa makubwa, hakuna anayekataa. Lakini mi nilikuwa kijana, niliona pia neno lingine mu kartie yetu: wazee wenye nguvu bado, wamekaa ku baraza tangu asubuhi, mikono juu ya magoti. Ile mikono ilizoea kazi miaka 30. Ilijua kufanya kitu wakati mukubwa anaamuru. Kufanya kitu juu ya kupenda tu, haikuzoea. Mi sitaki mikono yangu ingoje siku ile. Mugodi una mwisho, mwili una mwisho. Kitu unachokipenda kinaomba kianzishwe mbele, wakati bado hauna lazima nacho.

Wengine watasema: "Ni mambo ya watu wenye falanga." Hapana. Mi nilianza na kisu kimoja kikali, rula ya chuma, nyundo, sindano kubwa yenye mupini ya kutoboa, sindano mbili na uzi. Ngozi nilitoa mu mufuko wa zamani na mu kiti cha kuvunjika. Mengine yanakuja pole pole. Kisu tu musicheze nacho: kisu butu kinaomba nguvu, na nguvu njo inakitelezesha mu kidole. Kata juu ya ubao, vidole vyenu visikae mbele ya njia ya kisu.

Mbele ya yote, ninaomba jambo moja. Boti za kazi za zamani zina ngozi nzuri, wengi watazitamani. Lakini zimebeba vumbi ya mugodi, na zingine zimeguswa na asidi. Musizikatie ndani ya nyumba, musizisugue na karatasi ya musasa fasi watoto wanacheza. Ile vumbi si ya kuleta kwa watoto. Afazali kuziacha kabisa. Na kole ya viatu muitumie inje, fasi upepo unapita, juu harufu yake inaumiza kichwa na mwili.

Wengine tena: "Sindano ni kazi ya wamama." Tuulize wakubwa zetu. Mbele ya wazungu kufika huku Katanga, bankambo walikuwa wanayeyusha shaba na mivukuto ya ngozi, ile mifuko ya kuvuvia moto. Ngozi ikipasuka, upepo unakosa. Upepo ukikosa, moto unalala. Moto ukilala, shaba haitoki. Kwa hiyo lazima kulikuwa mikono ya kukata na kufunga ile ngozi vizuri. Mutu wa shaba na mutu wa ngozi walikuwa majirani tangu zamani. Hatuanzishi kitu kigeni.

Sisemi kwamba falanga ni mbaya. Siku moja, mutu atakuja kukuomba mukaba, na mukaba utakuwa mugumu, tundu zimepangwa vizuri, pembe zinang'aa. Ile siku uzisha, na bei ya haki. Lakini ikuje yenyewe, kisha kartoni ya makosa kujaa.

Kwa hiyo ninawaomba. Wamama, mukiona baba anakaa na ngozi yake siku ya Mungu, musimucheke. Mumuonyeshe kuvuta uzi. Wababa, muache mutoto akae karibu, mwana muke ao mwana mume, mumupe kipande kidogo aharibishe naye. Na ninyi wenzangu wa kazi, anzeni na kitu kidogo kisichoumiza mutu kikivunjika. Mutu akipita na kuuliza "unauzisha ngapi?", mumujibu pasipo haya: "Bado ninajifunza." Na kama ana wakati, mumupe kiti akae.