Paa la nyumba ya urithi
Na Saida Mbonde
Safu ya Baraza la Jumapili

Kimbiji kuna nyumba nyingi ambazo aliyezijenga ameshatangulia mbele ya haki, na aliyebaki ndani ni mama mtu mzima na wajukuu wawili watatu. Watoto wako Mbagala, Tandika, Kinondoni, mwingine yuko Mtwara. Mvua ikianza usiku, mama anajua kitanda kisogezwe wapi na karai litegwe wapi. Akipiga simu, anaambiwa, "Mama, zungumza na kaka." Kaka naye anasema nyumba ni ya wote, basi tuchange. Mchango haukamiliki, masika yanapita, vuli inaingia, na tundu la jana limekuwa mawili.

Kusubiriana huku kunaua mapaa ya Kimbiji kuliko mvua yenyewe.

Mvua nayo tuijue. Mkoa wetu wa Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,000 hadi 1,100 kwa mwaka, nyingi zikishuka masika, kati ya Machi na Mei, na nyingine vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Milimita moja ikimwagika kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, usiku wa mvua ya milimita 50, linapokea lita 5,000. Bati zima linayateremsha yote. Bati lenye msumari uliolegea linapitisha kidogo tu, lakini kidogo hicho hakipotei: kinalowesha papi, kinapita kwenye kenchi, kinashukia kichwa cha ukuta. Ukuta wa tofali huvumilia miaka kadhaa. Ukuta wa miti na udongo, ambao bado upo katika nyumba zetu za zamani, hauna subira hiyo. Udongo unameguka, miti inaoza, kona inaanza kulala.

Halafu kuna bahari. Kimbiji imeelekea bahari kuu, na upepo wa kaskazi na wa kusi wote unaleta chumvi. Zinki iliyopakwa juu ya bati ndiyo ngao yake. Chumvi ikishaila, chuma kinabaki uchi. Wengi hukagua mgongo wa paa, wakaona bado unang'aa, wakaridhika. Ilipo hatari ni pale bati linapochungulia nje ya ukuta, upande wa chini. Juu, mvua inaosha chumvi. Chini haiifikii, nayo inakaa hapo ikila taratibu. Pitisha kidole. Kikitoka na unga mwekundu, kutu imeshaanza kazi.

Ukaguzi wa ndani hauna gharama. Kama hakuna dari, subiri jua la saa sita, funga madirisha na milango, inua macho. Tundu dogo kuliko punje ya mtama litaonekana. Weka alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu nalo, ili fundi akija asipapase. Kama kuna dari, mtu apande juu na tochi. Doa la kahawia kwenye dari mara nyingi haliko chini ya tundu, kwa kuwa maji hutembea juu ya mbao kabla ya kudondoka.

Nje, ondoa majani ya mwembe na mkorosho yaliyojikusanya pale mapaa mawili yanapokutana, kwa sababu yanashika unyevu mwezi mzima. Tazama kama nazi imedondoka ikabonyeza bati, maana hapo maji hutuama. Mawe, matairi na mifuko ya mchanga iliyowekwa ili upepo usibebe bati iondolewe, na bati likazwe ipasavyo kwenye papi. Chini ya kila tairi kuna maji yasiyokauka.

Mafundi wengi wataleta lami. Lami inafaa kuvusha msimu, lakini kuirudia kila mwaka juu ya kutu ni kufunika kidonda kilichooza. Msumari uliolegea ung'olewe, uwekwe wa skrubu wenye mpira, mnene kidogo kuliko ule wa kwanza, kwenye mgongo wa wimbi la bati na si bondeni maji yanamopita. Bati lililotoboka litolewe lote. Ukinunua jipya, kumbuka geji 28 ni nene kuliko geji 32, ingawa namba yake ni ndogo. Kwa nyumba iliyo karibu na ufuko, unene huo una thamani kuliko rangi ya kuvutia. Na papi iliyooza ibadilishwe kwanza, kwani skrubu mpya haishiki kwenye mbao laini.

Najua jibu la baadhi ya warithi: nyumba itauzwa, ya nini kuezeka? Tangu Daraja la Kigamboni lifunguliwe Aprili 2016, wanunuzi wa viwanja wanazidi kusogea kusini, na familia nyingi zinangoja bei. Sikatai mtu kuuza. Lakini mama analala humo usiku wa leo. Mnunuzi akichelewa miaka mitano, mama ataloweshwa misimu kumi.

Kama mirathi haijafunguliwa, nendeni Mahakama ya Mwanzo, mpate msimamizi. Kama msimamizi yupo, asiseme paa halimhusu. Ni mali aliyokabidhiwa. Na wala si lazima kungoja mahakama ili kununua mabati manne na skrubu. Mmoja ashike daftari, wengine watume kwa simu kila mwezi kiasi wanachokiweza, hata kiwe kidogo, na fundi alipwe kazi ikionekana, si kabla. Kazi ifanyike wakati wa ukavu, mbao zikiwa kavu na fundi hana foleni. Mvua ikishaanza, bei yake hupanda, na kazi inayofanywa kwa pupa huvuja.

Vuli haiko mbali. Mpigieni mama leo, mumuulize karai liko chumba gani, kisha mwiteni fundi.