Filamu si mbovu, nakala ndiyo mbovu



Nimechoshwa na mashabiki wa hapa Olympic wanaoiponda filamu ya 2022, Black Panther: Wakanda Forever, kabla hawajaiona sawasawa. Juzi, katika kibanda kimoja cha video, tuliwekewa nakala iliyorekodiwa kisirisiri ukumbini. Mji wa mfalme Namor chini ya bahari ulikuwa giza totoro; kichwa cha mtu kikamziba Lupita Nyong'o katikati ya maneno. Vijana wakatoka wakiapa kwamba Black Panther ya kwanza, ya 2018, ilikuwa moto, hii takataka. Takataka gani, jamani? Hata maombolezo ya Chadwick Boseman, nyota wa ile ya kwanza aliyefariki 2020, hayakusikika kwa kelele.

Naiomba Bodi ya Uainishaji wa Filamu iwasaidie wenye vibanda kupata nakala halali, kwa bei ya mtaa. Wasomaji wenzangu wa Kibera na Kawangware, mnasemaje?

Mpenzi wa sinema,
Olympic, Nairobi.