Msimpe Mwanachuo Darasa la Kwanza

Tangu UNESCO itupe Siku ya Kiswahili Duniani, kila inapokaribia Julai 7 watu wetu wa fasihi huamka na kilio kilekile: Watanzania hawasomi. Riwaya haziuzwi, diwani zinaozea stoo, vijana wako kwenye simu. Nimekaa kwenye makongamano hayo, nimeyaandikia habari, nimekula sambusa zake. Sijawahi kumsikia mzungumzaji hata mmoja akiuliza huyo msomaji tunayemtafuta alifundishwa kusoma na nani. Mimi ninalo jibu kidogo. Baadhi yao walifundishwa na mimi, na kazi niliyoifanya ilikuwa mbovu.

Mwaka 2009 nilikuwa mwanachuo wa cheti cha ualimu, miaka yangu 21, sijui hata kushika chaki bila kuivunja. Tukapangiwa vituo vya mazoezi ya kufundisha, ile BTP. Mimi nikaangukia shule moja upande wa Chilangala, Newala. Mtoto wa Mbagala huyo, nimepanda basi mpaka Masasi, kisha nikala vumbi kupanda uwanda wa Makonde, na begi moja, karatasi za manila na gundi. Nilidhani naujua Umakonde kwa sababu majirani zetu Mbagala walikuwa watu wa Kusini. Kumbe nilichojua ni ming'oko tu.

Mwalimu wa taaluma alinipokea vizuri, nisiseme uongo. Akanipa kiti, akaniuliza habari za safari, halafu akasema, "Kijana, wewe chukua darasa la kwanza. Ni watoto tu wale, hawana shida." Hiyo sentensi ndiyo ninayogombana nayo leo, miaka mingi baadaye. Haikutoka kwa mtu mbaya. Nimeongea na wenzangu niliosoma nao, waliopelekwa mikoa tofauti kabisa, na wengi wao walipokelewa kwa maneno hayohayo. Hesabu yake inaeleweka: darasa la saba lina mtihani wa taifa, matokeo yanatangazwa, mwalimu mkuu anaitwa wilayani kujieleza. Mwalimu mzoefu anawekwa kule juu. Kule chini, ambako hakuna anayetangaza chochote, anawekwa mgeni wa wiki chache.

Na mgeni mwenyewe ndiyo mimi. Watoto 96. Madawati hayakutosha, walio wengi sakafuni. Asubuhi wanakuja na vidumu vya maji, kwa sababu ule uwanda ni mkavu. Maji yanatoka mbali, na mtoto wa miaka saba anaijua thamani ya maji kuliko mimi niliyezoea bomba, hata lile la mgawo.

Siku ya tatu nikafundisha herufi M. Nilikuwa nimekesha nachora. Mama, meza, maji. Mama ikapita vizuri. Meza ikapita kwa shida, kwa sababu wengine nyumbani hawana. Nikainua picha ya tatu: ndoo, na maji yanamwagika, nimeyapaka rangi ya bluu ya kupendeza. Mtoto mmoja wa kiume, aliyekaa karibu na mlango, akanyoosha mkono mpaka akasimama kwa hamu. Nikamchagua. Akasema kwa sauti: "Medi!"

Nikamwambia, "Hapana."

Nikamgeukia mwingine. Huyo alikuwa mtoto wa mtumishi, Kiswahili ndicho cha nyumbani kwao, akasema "maji", nikaamuru apigiwe makofi. Darasa zima likampigia, pamoja na yule wa mlangoni. Sikuelewa nimefanya nini. Nilidhani ameropoka. Jioni ndipo nilipomuuliza mwalimu mmoja wa kike, medi ni nini, akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekanyaga kaburi. "Ni maji, mwanangu."

Yaani mtoto alijibu sawasawa. Tena hata kwa ile herufi niliyoifundisha alijibu sawasawa, maana medi nayo inaanza na M. Somo zima alikuwa amelielewa kuliko mwalimu. Kwa wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Najua mtakachosema. Sera ya elimu ya mwaka 1995, iliyokuwa ikitumika wakati ule, inasema lugha ya kufundishia shule ya msingi ni Kiswahili. Sawa, na mimi sipingi. Kiswahili ndicho kinachonilisha. Lakini kumpeleka mtoto kwenye maji kutoka medi ni kufundisha Kiswahili. Kumwambia "hapana" ni kumfundisha kwamba kinywa chake kina kosa. Hayo ni mambo mawili, na chuoni hakuna aliyenitenganishia. Tulijifunza azimio la kazi, andalio la somo, malengo mahususi, hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Sikumbuki kipindi hata kimoja kilichohusu utafanya nini ukiingia darasani ukakuta watoto wanaongea lugha usiyoijua.

Na hapa ndipo ninapowageukia ninyi wenzangu wa fasihi, kwa sababu unafiki wetu unaniudhi kuliko uzembe wa chuo chochote. Sote tumesoma, au tunajifanya tumesoma, Decolonising the Mind ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1986. Sote tunaisimulia ile sehemu ya mtoto aliyekutwa anaongea Kikuyu shuleni, akachapwa au akavishwa kibao shingoni kama mjinga. Tunatikisa vichwa, tunamlaani mkoloni. Tunapigania Kiswahili kitumike sekondari na vyuoni, kwa hoja kwamba mtoto hawezi kufikiri katika lugha asiyoielewa. Hoja nzuri sana. Ila ikishuka mpaka Newala, ikamkuta mtoto wa miaka saba ambaye Kiswahili kwake ndiyo hiyo lugha ya wengine, tunanyamaza. Kwani fimbo ikishikwa na Kiswahili haiumi?

Yule mwalimu wa kike alikuwa wa UPE. Vijana hamjui: mwaka 1974 nchi ilipoamua kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishwe ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi wa kuzunguka, huku tayari wameshaanza kushika madarasa. Makumi ya maelfu. Baadaye "mwalimu wa UPE" likawa tusi la kumaanisha mtu aliyepikwa haraka, kama walivyokuja kuitwa wenzao wa miaka ya elfu mbili "voda fasta". Na sisi tuliotoka chuoni na vyeti tuliwacheka.

Nilikwenda kukaa nyuma ya darasa lake la pili, kwa aibu, bila kuambiwa na mtu. Hakuwa na manila. Alikuwa na visoda, mabua na kijiti kimoja. Mtoto akisema neno la nyumbani, analipokea: "Ndiyo, kwetu tunasema hivyo. Na kwenye kitabu?" Basi. Darasa linajibu. "Na kwenye kitabu" lilikuwa daraja lake, na watoto walilivuka mara hamsini kwa siku bila kuanguka. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa akifanya hivyo na hakuna aliyewahi kumwomba amfundishe mwanachuo.

Mkufunzi wangu alikuja mara mbili kunipima. Ujio wake tulijua siku mbili kabla, kama ilivyo ada. Nikawahamishia mbele watoto wanaojibu. Yule wa medi akaenda nyuma kabisa, na hilo nililifanya kwa mikono yangu. Somo likaenda kama mchezo wa redio. "Mmeelewa?" "Ndiyooo mwalimu!" Nikapata 78, na maoni kwamba zana zangu ni nzuri na sauti yangu inasikika.

Kuna watakaoniambia mwanachuo lazima aanzie mahali. Ni kweli, na daktari naye huanzia mahali, lakini hakabidhiwi wodi ya watoto wachanga peke yake siku ya pili, huku daktari mwenyewe akisahihisha mitihani chumba cha jirani. Wengine watasema mambo yamebadilika, tuna mtaala wa KKK wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015. Mtaala ulihitajika, naukubali. Lakini Januari 2016 michango ikafutwa, na madarasa ya kwanza yakafurika kuliko lile langu la watoto 96. Mtaala haujui kuingia darasani wenyewe.

Kaka zetu wanapenda kukumbushana Kibanga Ampiga Mkoloni, kile kisa cha kitabu cha shule ya msingi, na kusikitika kwamba siku hizi hakuna visa kama hivyo. Wakati wanakumbuka kisa, hakuna anayemtaja mtu aliyewawezesha kukisoma.

Mimi nataka vitu vichache tu. Mwanachuo akifika kituoni, wiki zake za kwanza akae nyuma ya mwalimu wa darasa la kwanza, aangalie, asiandike andalio lolote. Akianza kufundisha, mwalimu huyo asitoke. Majina ya vitu kumi na tano katika lugha ya pale ayajue kabla hajachora picha ya kwanza. Ni kazi ya jioni moja na jirani yeyote. Na mkufunzi aje siku asiyotarajiwa, apite wale wa mbele wanaopunga mikono, akakae sakafuni pembeni ya mtoto asiyejibu, amuulize yeye.