Kawia ufike: Rubani akigeuza ndege, tumshukuru

KATIKA makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kuna kinyozi mmoja kutoka Kivu aliyenipa somo la urubani bila yeye mwenyewe kujua.

Kibanda chake kiko Base Camp na, kama vibanda vingi vya huko, kinategemea paneli moja ya sola juu ya bati na betri moja kuukuu chini ya meza. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chake mchana wingu zito lilipofunika jua. Papo hapo alizima spika, akazima feni, akachomoa simu za watu zilizokuwa zikichajiwa. Wenye simu walinung’unika. Yeye hakujali. “Papa,” aliniambia, “nikiacha muziki ulie, utarudi nyumbani na nusu kichwa.”

Nilicheka sana. Jioni hiyo hiyo nilipata sababu ya kutocheka.

Kutoka Nakivale nilikwenda Mbarara, na saa kumi na moja jioni tukaruka kutoka kiwanja cha Nyakisharara. Tulikuwa abiria watatu na rubani, kijana wa Kikenya, katika ndege ndogo ya injini moja iliyokodiwa kuturudisha Kajjansi, karibu na Kampala. Safari hiyo huchukua zaidi ya saa moja. Mimi nilikuwa na tiketi ya ndege ya usiku kutoka Entebbe.

Hata dakika kumi hazijapita, taa ndogo nyekundu ikawaka mbele ya rubani. Alteneta, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, ilikuwa imekufa. Rubani alihakikisha kwanza kwamba ndege imetulia. Kisha akazima swichi ya umeme na kuiwasha tena, mara moja tu. Taa ikawaka tena. Hakurudia. Alizima kila kitu asichokihitaji, akatangaza redioni kwamba anarudi Mbarara, akageuza ndege.

Nakiri kwamba mimi ndiye niliyebisha. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri kabisa. “Kapteni, si ndege inakwenda? Tumalizie safari,” nilimwambia, kwa sauti ya mtu aliyelipa. Hakunijibu mpaka tulipokuwa tumesimama chini. Ndipo aliposema: “Mzee, injini haina shida. Shida ni saa.”

Ilinichukua muda kuelewa maneno hayo, na ndiyo sababu nayaandika leo.

Wengi wetu tunadhani umeme ukikatika angani ndege huanguka kama jiwe. Sivyo. Katika ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni, cheche za plagi hutoka kwenye magneto, ambazo hazihitaji betri wala alteneta. Kwa zile zenye mabawa juu, kama ilivyokuwa yetu, mafuta huteremka yenyewe kutoka kwenye mabawa. Vipimo vya kawaida vya mwendo na kimo hutumia hewa. Kwa hiyo ndege huendelea kuruka, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kila kitu kinaonekana shwari.

Kinachokufa ni redio, taa, vifaa vya kuonyesha njia, vipimo vya mafuta na, kwa ndege nyingi, mota inayoshusha flapu za kupunguzia mwendo wakati wa kutua. Havifi kwa pamoja. Vinabaki vikinyonya betri, na betri hiyo huenda ikadumu nusu saa hivi, au pungufu zaidi kama imechakaa. Ndege za kisasa zenye skrini badala ya vipimo vya mishale huwekewa betri ya akiba kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa piga hesabu yetu ya jioni ile. Kurudi Mbarara ilikuwa dakika chache, mchana, kiwanja tukikijua. Kwenda Kajjansi ilikuwa zaidi ya saa moja, giza likikaribia, na Kajjansi iko jirani na Entebbe ambako ndege kubwa hupishana. Rubani aliyepoteza redio anaweza kuweka namba 7600 kwenye kifaa kinachomtambulisha kwa rada, lakini nacho kinataka umeme. Baada ya hapo hubaki kutazama taa ya mnara: kijani isiyopepesa, tua, nyekundu isiyopepesa, wapishe wengine na uendelee kuzunguka. Nani anataka kufikia hatua hiyo magharibi, ili tu abiria mmoja awahi ndege yake?

Kama hesabu hii inaonekana ya kitoto, tukumbuke yaliyotokea Marekani tarehe 11 Oktoba, 1983. Ndege ya Air Illinois, safari namba 710, iliruka usiku kutoka Springfield kwenda Carbondale. Dakika kama moja na nusu baadaye jenereta ya kushoto ikafa, na msaidizi wa rubani kwa makosa akaitenga ile ya kulia iliyokuwa nzima. Kiwanja walichotoka kilikuwa nyuma yao tu. Kapteni aliamua kuendelea kwa umeme wa betri. Betri haikufika Carbondale. Ndege ilianguka karibu na Pinckneyville na watu wote 10 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi waliulaumu uamuzi huo wa kuendelea badala ya kurudi.

Kuna watakaosema kwamba usukani ni wa rubani, abiria hahusiki. Si kweli. Ndege ndogo hukodiwa na mashirika ya misaada, wafanyabiashara, watalii na wanasiasa, watu waliozoea kutii ratiba zao na kutiiwa nao. Rubani ni mwajiriwa. Anajua mteja akinuna leo, kesho kazi itakwenda kwa mwingine. Sauti kama yangu ya jioni ile, ikirudiwa mara nyingi, inaweza kumfanya kijana mwenye akili timamu aendelee mahali alipopaswa kugeuka.

Kwa hiyo anayekodi ndege ndogo aweke katika bajeti yake gharama ya kulala njiani, na asipange mkutano au safari nyingine jioni ile ile. Wenye kampuni wawaambie wateja waziwazi, kabla ya kuruka, kwamba rubani anaweza kurudi na hakuna atakayemlaumu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo ikague hali ya betri za ndege hizi kwa ukali ule ule inaokagua injini. Na sisi abiria, taa nyekundu ikiwaka, tufunge midomo.

Mimi nililala Mbarara. Ndege yangu iliondoka Entebbe bila mimi, na nililipa faini ya kubadili tiketi huku nikinung’unika kama wale wenye simu kule Nakivale. Lakini yule kinyozi alikuwa amenimaliza kichwa kizima kwa sababu alizima muziki mapema. Wahenga walisema kawia ufike.